Kushuka bandarini kwenye kruzi ya Mediterania: maswali mnayoniuliza kila siku

Miaka minne nilikuwa melini, na mingi yake nimekaa kwenye deski ya ziara, pale lobi ambapo watu wanapanga foleni usiku wakiuliza kesho basi linaondoka saa ngapi. Jina la meli silitaji. Tangu nirudi Mombasa simu haipumziki, mara binamu yuko Uingereza anataka kumpeleka mamake, mara kikundi cha kanisa, mara fungate. Majibu ni yale yale kwa hiyo nayaweka hapa yote, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Kwani ziara ya meli ni nini, si tukifika tunashuka tu?

Unashuka tu ndio, na ni bure. Meli ikishafunga kamba na wakubwa wa bandari wakitoa ruhusa unaonyesha kadi yako ya kabini mlangoni, inalia tii, umetoka. Hakuna anayekulazimisha kununua kitu.

Ziara ni ile unayolipia zaidi, kampuni ya meli inakupangia basi, mwongozaji na tiketi za kuingilia. Asubuhi mnakusanywa ukumbini, kila mtu anabandikwa stika kifuani yenye namba, mnaambiwa "kumi na nne, twendeni", mnashuka kama watoto wa nasari nyuma ya mtu aliyeinua kibango. Mimi ndo nilikuwa nikibandika hizo stika. Ukiwa na haya ya kutembea na stika kifuani hii si yako, lakini usicheke, nitakwambia kwa nini wengine wanailipia kwa moyo mmoja.

Mbona ratiba imeandika Roma na mimi ramani inanionyesha mji mwingine kabisa?

Hapa ndo pa kuelewa kabla ya yote. Bandari si mji. Roma haina bandari ya meli kubwa, mnafunga Civitavecchia, kama kilomita 70 hivi na zaidi kidogo kutoka mjini. Florence ni Livorno, kama kilomita 90. Athens ni Piraeus, hiyo angalau ni karibu, treni tu. Cairo ni Alexandria au Port Said, hapo basi linakula masaa matatu kwenda na matatu kurudi. Ni kama mtalii akishuka Kilindini aambiwe yuko Tsavo.

Venice ndo imezidi. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 Italia ilikataza meli kubwa, zile za kuanzia tani 25,000, kupita kwenye mfereji wa Giudecca mbele ya uwanja wa San Marco. Kwa hiyo ratiba nyingi zinazoandika Venice kwa herufi kubwa, ukisoma chini kwa herufi za mchwa utakuta Ravenna au Trieste. Kutoka bandari ya Ravenna mpaka Venice ni basi la kama masaa mawili na nusu. Mtu anafika deski usiku ananiuliza gondola ziko upande gani wa meli, namwangalia tu.

Kwa hiyo kabla hujalipia kruzi yenyewe chukua ratiba, andika kando ya kila mji jina la bandari halisi na umbali wake. Hiyo karatasi ndo itakujibu maswali yako mengi kuliko mimi.

Sasa ninunue ziara ya meli au nijitembeze?

Watu wanadhani tofauti ni bei, au mwongozaji anajua zaidi. Hapana. Unachonunua kwa meli ni saa. Basi la ziara ya meli likichelewa, meli inawasubiri, na ikishindikana kabisa wanawapeleka bandari inayofuata kwa gharama zao. Ukijitembeza mwenyewe au na kampuni ya nje, ukichelewa ni wewe na Mola wako.

Kwa hiyo mimi naangalia umbali tu. Kitu unachotaka kuona kikiwa ni cha kutembea kwa miguu au basi la dakika 20, usilipe meli hata senti: Barcelona, Palma, Valletta, Kotor, Dubrovnik, mji wa Napoli wenyewe. Kikiwa nusu saa mpaka saa moja na kitu na treni ipo ya uhakika, pima moyo wako: Roma, Florence, Pompeii. Kikiwa mbali na njia ni barabara moja tu na msongamano, kama piramidi kutoka Alexandria au Venice kutoka Ravenna, lipa meli ulale usingizi. Nasema hivi na sina kamisheni tena.

Na kuna njia ya katikati, madereva na kampuni ndogo za bandarini. Mkiwa wanne au sita mkagawana van inatoka nafuu kuliko ziara ya meli na hamna stika. Wengi wao wanawajua kina nahodha kwa majina ya meli na ratiba wanazo kichwani, hawataki kuharibu jina. Bei mpatane kabla hujafungua mlango, ya gari zima si ya kichwa, kwenda na kurudi, na pesa unatoa mkirudi. Akitaka zote mbele tafuta mwingine.

Ni kweli meli inaacha watu?

Inaacha, tena bila kinyongo. Kila kadi ikilia mlangoni kompyuta inajua nani yuko ndani nani bado. Muda wa mwisho wa kuwa ndani kwa kawaida ni nusu saa kabla ya kung'oa, kwingine saa nzima. Ukipita, majina yanatangazwa. Hamjatokea, mtu anatumwa kabini kwenu kufungua sefu, pasipoti zinatolewa anaachiwa wakala wa meli pale gatini. Ukiona hivyo ujue maamuzi yameshafanyika. Rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kutoka, ameshapanda, kuna meli nyingine inangoja nafasi, na gati linalipiwa.

Nawakumbuka mume na mke pale Kuşadası, Uturuki. Kamba za nyuma zilikuwa zimeshafunguliwa, tukawaona wanakuja wanakimbia, mke viatu mkononi, mume begani ana zulia limezungushiwa karatasi ya khaki. Watu juu ya deki wanapiga makofi wanashangilia kama mpira. Ngazi ilikuwa imeshavutwa. Yule bwana alisimama, akaliweka zulia chini, akalikalia. Akabaki ameangalia meli inavyojitoa pole pole, na mkewe amesimama pembeni hasemi neno, na mimi nadhani kule kutosema kulikuwa kubaya zaidi.

Hao walikuwa na pasipoti za kuruka wanapotaka. Wewe mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania au Uganda ukiachwa pale ni mambo mengine, angalia swali la viza huko chini.

Saa ya kurudi ni ya simu yangu au ya meli?

Ya meli, siku zote. Ukitoka Italia kwenda Ugiriki saa inasonga mbele moja, meli inabadilisha usiku na inaandika kwenye kijigazeti cha kesho, lakini kuna siku nahodha anaamua asibadilishe, na simu inajibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu. Nunua saa ya mkononi ya bei ya chini, iweke saa ya meli, iache hapo. Cha kuchekesha ni kwamba Uturuki ni saa sawa na Nairobi na Dar mwaka mzima, na Ugiriki pia wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo mama aliyekuja na saa yake ya nyumbani huko yuko sawa kuliko wewe.

Alafu kuna ajali yetu sisi peke yetu. Binamu yangu amekulia Uingereza, Kiswahili chake ni cha kuunga unga, walikuwa Malta akamwambia shangazi, "Mama tukutane gatini saa tano." Alimaanisha 17:00. Shangazi kama Mswahili yeyote mwenye akili timamu saa tano ni kabla ya adhuhuri, akaenda akanunua kofia moja, akarudi haraka haraka, akakaa kwenye benchi pale chini kuanzia saa tano kasoro. Amekaa masaa sita na mfuko wa kofia mapajani. Hakusogea hata kwenda msalani akiogopa kuachwa. Andika kwenye karatasi kwa namba, 17:00, umtilie mfukoni.

Roma peke yangu inawezekana?

Inawezekana kabisa na wengi wanafanya. Kutoka gatini kuna basi la kukutoa mpaka nje ya bandari, sehemu inaitwa Largo della Pace, kutoka pale basi jingine dogo mpaka stesheni ya Civitavecchia. Treni ya kawaida ni saa moja na kidogo, tiketi ni euro chache tu ukilinganisha na ziara ya meli ambayo siku nzima Roma inapita dola 100 kwa kichwa kwa urahisi. Ukitaka Vatikani kwanza shuka Roma San Pietro, unatembea dakika 15 hivi, usiende mpaka Termini, stesheni kuu. Tiketi ya karatasi ipige muhuri kwenye kile kimashine kabla hujapanda, usipopiga ni kama hujanunua, mkaguzi anakuandikia faini na tabasamu.

Hesabu yake iko hivi. Meli inafunga 07:00, unatoka 07:45 kama una bahati, stesheni 08:30, Roma karibu 10:00. Muda wa mwisho wa kurudi ni 18:30. Mimi ningepanda treni ya kurudi si zaidi ya 15:30, kwa sababu ikifutwa ipo nyingine nyuma yake, na Italia migomo ya treni ipo, inatangazwa mapema, angalia wiki ile ya safari. Unabaki na masaa matano na nusu. Kwa masaa hayo chagua Vatikani au Kolosseo, ule uwanja wa kale. Ukitaka vyote viwili pamoja na kutupa sarafu kwenye chemchemi ya Trevi na kula mezani utaviona vyote ukikimbia na picha zako zote zitakuwa na jasho.

Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na Jumatano asubuhi papa akiwa na hadhara yake kuingia kanisa la Mtakatifu Petro kunachelewa. Mabega na magoti yafunikwe, leso au kanga moja kwenye begi inamaliza mambo. Na huko Florence, makumbusho ya Uffizi na Accademia wanafunga Jumatatu, nimeshaona mtu amesafiri kutoka Livorno mpaka mlango wa sanamu ya Daudi akaishia kupiga picha mlango.

Napoli na Pompeii?

Napoli meli inafunga mjini kabisa, unatoka getini ngome kubwa hii hapa mbele yako. Pompeii unapanda treni ya Circumvesuviana, kama dakika 35 mpaka 40, unashuka Pompei Scavi, geti liko ng'ambo ya barabara. Treni yenyewe usitegemee makubwa, ni matatu ya reli, imejaa, joto, mtu anapiga kodiani sikioni mwako. Begi mbele. Ule mji ulifunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvio mwaka 79, na siku hizi wanaruhusu watu 20,000 kwa siku basi na tiketi ina jina lako, kwa hiyo nunua mtandaoni mapema na uje na kitambulisho. Beba maji na kofia, kivuli hakuna, mawe yale Julai yanarudisha moto kama jiko.

Ukichoka hata kufikiria treni, kaa Napoli ule piza. Sioni ubaya wowote.

Barcelona na Marseille tunafanyaje?

Barcelona kuna basi la bandari linakushusha kwenye nguzo ya Columbus, mwanzo wa mtaa wa La Rambla. Kanisa la Sagrada Família tiketi ni mtandaoni tu na kwa saa maalum, usiende ukitegemea dirisha. Gaudí aliyeichora alifariki 1926, na ujenzi ukaendelea miaka yote hiyo, ukiona kreni kwenye picha usikasirike.

Marseille gati liko mbali, upande wa viwanda, usijaribu kutembea. Kuna basi la bure mpaka La Joliette, toka hapo unatembea mpaka Vieux-Port, bandari ya zamani. Watu wengi wanaikimbia Marseille wanaenda miji ya jirani, Aix au Cassis, mimi naipenda. Ina jamii kubwa sana ya Wakomoro, ukikaa sokoni Noailles ukatega sikio utasikia Kingazija, na ukiwa mtu wa Pwani kila neno la tatu unalishika. Siku moja niko pale natafuta bamia nikasikia mama anamkaripia mwanawe nikaelewa kosa la mtoto kabla sijageuka kumwona.

Santorini tunashukaje, nimeona kwenye video watu wanapanda punda?

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, hakuna gati la meli kubwa. Meli inasimama kwenye maji na mnashushwa na boti ndogo, na hizo boti ni foleni, ni kivuko cha Likoni saa ya kwenda kazini ila hapa mna kofia za majani. Waliolipia ziara ya meli wanashushwa kwanza na kupelekwa bandari ya Athinios ambako mabasi yanawangoja. Wanaojitembeza wanapelekwa bandari ya zamani chini ya mji wa Fira, na kutoka pale kwenda juu kuna njia tatu: kijigari cha kamba, ngazi zaidi ya 580, au punda.

Punda siwashauri. Ugiriki mwaka 2018 iliweka sheria wasibebeshwe zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wao, na ukiona walivyo mwezi wa Agosti utajua kwa nini ilibidi sheria itungwe. Ngazi nazo ndo wanazopita hao hao punda, sasa fikiria mwenyewe zimepakwa nini.

Shida si kupanda, ni kushuka. Jioni meli tatu nne zote zinataka watu wao wakati mmoja na kijigari ni kimoja. Mkataba wangu wa kwanza, siku ya mapumziko, nikakuta foleni imezunguka kona mbili. Nikaangalia saa, nikaangalia foleni, nikavua ndala nikazishika mkononi nikashuka ngazi zote kwa miguu mitupu nikidhani sitateleza. Niliteleza mara tatu. Nimefika chini nanuka banda, boti ya mwisho ikanipokea na wenzangu wakanihamisha upande wa upepo. Kwa hiyo ukienda kijiji cha Oia, basi la abiria lipo kutoka Fira, rudi Fira masaa mawili kabla ya boti ya mwisho, na machweo utayatazama ukiwa deki na ni yale yale.

Kitu kingine, tangu Julai 2025 Ugiriki wanatoza ada kwa kila abiria wa kruzi, Santorini na kisiwa kingine cha Mykonos msimu wa joto ni euro 20, kwa kawaida meli inaiweka kwenye bili yako. Usije kupigana na deski, wale watoto hawaweki ada wao.

Bandari ikirukwa je?

Inatokea, hasa Mykonos na Santorini. Julai na Agosti unavuma upepo wa kaskazini unaitwa meltemi, ni kaskazi yao ila inakuja wakati sisi tuko kwenye kusi. Mawimbi yakizidi boti ndogo haziwezi kubeba watu na nahodha anapita moja kwa moja. Ziara ya meli pesa inarudi yenyewe kwenye akaunti yako ya kabini. Uliyobuki nje inategemea mlivyoandikiana, soma kabla, nyingi nzuri zinarudisha zote meli isipofika.

Viza, mwenye pasipoti yetu anahitaji nini?

Hapa msinifanyie mchezo. Hispania, Ufaransa, Italia, Ugiriki, Malta na Kroatia zote ni Schengen, yaani nchi zinazotumia viza moja, Kroatia imeingia 2023. Uturuki, Montenegro, Albania, Tunisia, Misri haziko. Meli ikitoka Ugiriki ikaenda Uturuki ikarudi Ugiriki wewe umetoka Schengen umeingia tena, kwa hiyo unahitaji viza ya kuingia mara nyingi. Ukiwa na ya mara moja umeshaitumia siku ya kwanza Barcelona. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na maombi yanafunguliwa miezi sita kabla. Peleka ratiba ya meli pamoja na maombi na uandike wazi kwamba unataka ya kuingia mara nyingi na kwa nini.

Uturuki wana utaratibu wa kuruhusu abiria wa kruzi kushuka kwa muda mfupi bila viza, usiozidi masaa 72, kwa idhini ya maafisa wa bandari. Lakini kauli ya mwisho ni ya kampuni yako ya meli, wengine wanataka viza ya kila nchi kwenye ratiba hata kama huna nia ya kushuka, na wasipoiona wanakukatalia kupanda siku ya kwanza kabisa. Waandikie barua pepe ukitaja pasipoti yako, jibu lao liprinti uende nalo.

Na sasa rudi kwa yule bwana wa zulia. Umeachwa Uturuki, huna viza ya Uturuki, ya Schengen uliyonayo ilikuwa ya mara moja. Huwezi kukaa, huwezi kuifuata meli. Ndo maana huwa nasema mtu mwenye pasipoti yetu bandari za nje ya Schengen ama anunue ziara ya meli ama asiende mbali na gati.

Kikundi cha kanisa tunataka nyayo za Mtume Paulo.

Hizo bandari ndo zenyewe. Efeso ni dakika 20 na kitu kutoka Kuşadası kwa basi, njia inateremka kutoka geti la juu mpaka chini, hakikisha mnaanzia juu. Utapita maktaba ya Celsus alafu lile jukwaa kubwa la maonyesho ambalo Matendo 19 inasema watu walipiga kelele masaa mawili wakimsifu Artemi. Mwambie mmoja mwenye sauti asome pale pale, kikundi kimoja cha akina mama walisoma alafu wakaimba pambio na Wajerumani walikuwa wamekaa wakasimama. Marumaru inateleza, viatu vya mpira. Mkimaliza mtaingizwa duka la mazulia, chai ya bure, hulazimishwi kununua lakini wanajua kukunja na kukunjua mpaka unaona aibu.

Athens kuna Areopago, jiwe tu tupu chini ya Akropoli, halilipiwi. Akropoli yenyewe ni euro 30 tangu Aprili 2025 na tiketi ni ya saa maalum, na siku za joto kali wanaifunga mchana, imeshatokea. Malta ndo Melita ya Matendo 28.

Malta kuna nini zaidi?

Meli inaingia asubuhi na mapema, tafadhali amka uwe deki, kuta za rangi ya asali pande zote mbili, hakuna bandari nyingine ya hii safari inayoifikia. Unashuka, kuna lifti ya Barrakka inakupandisha juu kama meta 58, umefika Valletta mjini. Hakuna haja ya ziara.

Na lugha yao, Kimalta, ni ya ukoo wa Kiarabu, Mswahili utajisikia nyumbani kwa vituko. Sita ni sitta. Alhamisi ni Ħamis, Ijumaa ni Ġimgħa, saa ni siegħa, na kisiwa cha pili Gozo kuna kijiji cha magharibi kinaitwa Għarb. Shangazi kwenye benchi lake alisikia mtu anahesabu chenji akasema hawa wametuibia.

Mama hatembei vizuri, itakuwaje?

Muulize meli bandari zipi ni za boti ndogo, maana bahari ikichafuka kiti cha magurudumu hakishushwi. Valletta, Barcelona na Palma ni rahisi. Kotor mji wa chini ni tambarare ila sahau ile ngome ya juu, ngazi ni kama 1,350. Efeso ni mawe matupu, ngumu. Kwenye maelezo ya ziara kuna kialama cha mtu anayetembea, kimoja, viwili au vitatu. Vitatu usimdanganye mama kwamba ni "kidogo tu".

Wizi?

La Rambla, metro za Barcelona, Circumvesuviana, mabasi ya Roma. Si wa visu, ni wa vidole. Pasipoti iache kwenye sefu isipokuwa umeambiwa uibebe, chukua kopi na kadi ya meli. Kadi ya kabini isining'inie shingoni, unawatangazia wewe ni nani na unarudi saa ngapi.

Halali tutapata?

Marseille na Istanbul huna hata haja ya kuuliza, Tunis pia. Kwingine kula samaki, bahari iko hapo. Kubeba chakula cha melini kushuka nacho, matunda na nyama na sandwichi, kwa kawaida hairuhusiwi, chupa ya maji iliyofungwa sawa. Ndio, hata mahamri uliyotoka nayo nyumbani.

Simu je?

Weka hali ya ndegeni ukiwa melini. Katikati ya bahari simu inashika mtandao wa setilaiti wa meli na bili yake inakungoja nyumbani. Laini moja ya Ulaya inakutosha Hispania mpaka Ugiriki, Uturuki na Montenegro haifiki, au inafika kwa bei ya kulia. Ramani za bandari zipakue usiku kabla.

Nibuki ziara lini?

Roma, Florence na Efeso zinaisha mapema, buki nyumbani mtandaoni, mara nyingi unaweza kufuta siku moja au mbili kabla bila kukatwa, soma masharti. Ziara zenye jina tamu kama "Roma upendavyo" angalia vizuri, ni basi tu la kwenda na kurudi bila mwongozaji. Si mbaya, ni saa unanunua bila stika, lakini ujue umenunua nini.

Nikibaki melini nitakuwa mjinga?

Hapana. Siku ya Livorno wote wamekimbilia Florence, bwawa ni lako, jakuzi ni yako, na wafanyakazi wanakupigia stori. Sisi wenyewe tulikuwa tunaziombea siku hizo.